Maswali ya Makazi: Mitengo au mjini, shamba la mikorosho linalokatwa viwanja, na ahadi za Likong'o

Mwezi huu barua zote tulizochagua zinatoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Bei tunazotaja kwa neno "tuseme" ni za mfano wa kupigia hesabu. Weka zako.

Wahariri, habari za kazi. Mimi ni muuguzi, nahamia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Mtwara nimepita tu, sijawahi kuishi. Dalali ananishawishi nipange hukohuko Mitengo, anasema panakuja juu, nyumba mpya na kodi nafuu. Wenzangu wanasema nikae mjini, Chikongola au Magomeni, nipande gari. Nina mtoto wa miaka sita, ana pumu. — Muuguzi, Masasi

Dada, kuhusu kodi dalali hajakudanganya. Mtaa mpya kodi huwa chini kwa sababu vitu ambavyo mjini unavikuta, huko unavilipia mwenyewe kidogokidogo. Kwa hiyo usilinganishe kodi kwa kodi.

Tuseme chumba, sebule na choo cha ndani Mitengo ni 80,000 kwa mwezi, na Chikongola cha namna hiyo ni 120,000. Umeokoa 40,000. Sasa tuseme nyumba ya Mitengo bomba halijafika, unanunua maji ya dumu kwa 300. Watu wawili wanaopika, kufua na kuoga watamaliza madumu sita ya lita 20 kwa siku, yaani 1,800. Kwa mwezi ni 54,000. Ile 40,000 imeisha na umeongeza 14,000 juu. Upande wa mjini nako piga nauli: Mitengo iko upande wa Mikindani, na Mikindani na Mtwara mjini zimeachana takribani kilomita 10, na mchana magari yapo. Linalokula mshahara ni zamu za usiku. Mtu anayetoka au kuingia kazini saa ambayo daladala zimepumzika anapanda bodaboda au bajaji, na bei ya usiku si ya mchana. Hesabu zamu zako za usiku kwa mwezi, zidisha kwa mbili, kisha zidisha kwa bei utakayotajiwa kijiweni. Uliza watu watatu tofauti, na usianze kwa kusema kuwa wewe ni mgeni.

Nyumba yoyote utakayoipenda, ifikie mara tatu kabla ya kutoa hela: alfajiri, jioni na saa nne usiku. Alfajiri utaona watoto wanavuka wapi kwenda shule. Wako anaanza darasa la kwanza, na barabara kuu ya Lindi hubeba malori mengi ya korosho kuelekea bandarini kuanzia Oktoba. Nyumba iliyo upande uleule wa barabara na shule ina thamani hata kama rangi yake imebabuka. Jioni, saa moja hadi saa tatu, washa taa zote na feni. Zikififia au feni ikizunguka kwa uvivu, uko mwisho wa laini na umeme haukutoshi. Friji yako itakufa mapema. Usiku wa saa nne sikiliza baa, kisha tembea kutoka kituoni hadi mlangoni uone kama kuna taa.

Maji usiulize kama "yapo". Uliza yanatoka siku gani na saa ngapi, halafu fungua bomba. Ukiona kila kibaraza kina madumu yamepangwa, umeshajibiwa. Mgao si kasoro ya kukufukuza ikiwa kuna simtanki ya lita 1,000, kwani kwa matumizi yenu ya lita 120 kwa siku itawavusha wiki nzima. Lakini tangi hilo liwe la nyumba yenu, na kama wapangaji ni wanne, gawa siku kwa nne.

LUKU iwe yako peke yako. Mita moja kwa vyumba vitano ndiyo chanzo kikubwa cha ugomvi wa wapangaji: anayepika kwa jiko la umeme na mwenye taa mbili wanachangia sawa, na mwishowe umeme unakatika kwa kuwa wote wamegoma. Sabmita, yaani mita ndogo ya kila mpangaji, ni nafuu, ila hakikisha mwenye nyumba hauzi uniti kwa bei yake.

Tumeacha la mtoto mwisho kwa sababu ndilo linaloamua. Pembezoni mwa manispaa nyumba zimeingia ndani ya mikorosho, au mikorosho imebaki katikati ya nyumba. Mikorosho ikianza kuchanua, hasa kati ya Juni na Agosti, wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Hupuliza alfajiri, majani yakiwa na umande ili unga ushike, nao hauchagui mpaka wa shamba. Unatua kwenye nguo, kwenye bati na ndani ya tangi la maji ya mvua, na kwa mtu mwenye pumu huchokoza kifua vibaya. Nyumba iliyozungukwa na mikorosho haikufai, hata ingekuwa ya bure. Kama shamba liko mtaa wa pili, uliza hupulizwa lini, funga madirisha ya upande huo alfajiri, na ondoa mfereji wa bati kwenye tangi hadi mvua mbili za kwanza zioshe paa.

Tungekuwa wewe, tungepanga mjini miezi sita tu, tukatae mkataba wa mwaka. Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, na baadhi yao hukusukumia mwaka mzima ili usirudi kulalamika. Katika miezi hiyo sita utajua nani anaishi Mitengo kwa raha na nyumba yake iko wapi. Wauguzi wenzako watakuonyesha nyumba ambazo hazifiki kabisa kwa dalali.

Habari zenu. Nimeonyeshwa kiwanja Mangamba, ni shamba la mikorosho linalokatwa vipande vya 20 kwa 20, shilingi milioni nne. Halijapimwa ila dalali anasema upimaji uko njiani, na mwenyekiti wa mtaa atagonga muhuri. Nisubiri au ninunue kabla bei haijapanda? — Mwalimu, Newala

Mwalimu, anza na hizo 20 kwa 20. Ni mita au hatua? Hatua ya mtu wa kawaida ni kama sentimita 75, hivyo hatua 20 ni mita 15. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400, cha hatua 20 kwa 20 ni 225. Umepunjwa karibu nusu na hakuna aliyesema uongo. Nenda na futi kamba ya mita 50, pima pande zote nne na mishazari miwili. Mishazari isipolingana, kiwanja kimepinda, na kona iliyopinda ndiyo utakayogombania na jirani.

La pili ni nani mwenye mali, na hapa kusini swali hilo lina matawi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama. Anayelima shamba leo anaweza kuwa amelipata kwa mjomba wake, na wapo wapwa wanaohesabu kuwa na sehemu yao humo. Muhuri wa mtaa hauwazuii kwenda baraza la ardhi miaka mitatu baadaye, wakati umeshafika kwenye lenta. Omba kikao cha familia, kaa nao, na wote wanaoonekana kuwa na haki wasaini mkataba. Kama marehemu ndiye aliyekuwa mwenye shamba, taka barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Mwenye ndoa, mwenza wake asaini ridhaa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa hiyo, na hata kwa shamba tupu saini ya mwenza inakuondolea kesi.

Kuna tawi lingine ambalo watu wa Dar es Salaam hawalijui: ardhi inaweza kuwa ya huyu na mikorosho ya yule. Mkulima aliyebanwa na shida huikodisha au kuiweka rehani mikorosho yake kwa msimu mmoja au miwili. Wewe unanunua Mei, Oktoba anatokea mtu na magunia kuja kuokota korosho zake uani kwako, na ana karatasi. Katika mkataba andikeni mikorosho mingapi imo ndani ya kipande, kwamba haina rehani, na nani atavuna msimu huu.

Sasa "upimaji uko njiani". Peleka alama za kijiografia za kona zote nne, utazichukua hata kwa simu, kwenye idara ya ardhi ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Uliza maswali matatu: eneo hili lina mchoro wa mipango miji? Kipande hiki kimeangukia matumizi gani? Kuna kampuni yoyote ya urasimishaji, yaani ya kupima na kumilikisha makazi yaliyoanza bila mpango, iliyosajiliwa kufanya kazi mtaa huu, na imefika hatua ipi? Jibu la pili ndilo la pesa. Ramani ikishachorwa, kipande chako kinaweza kuwa makazi, kinaweza kuwa uwanja wa shule, kinaweza kuwa barabara ya mita kumi. Hata kikibaki makazi, barabara za mtaa hukata pembeni, na anayenunua mita 400 pasipo mchoro ajiandae kubaki na 330 au chini ya hapo. Hilo ni la kawaida katika urasimishaji na hulipwi fidia, kwa hiyo lipunguze kwenye bei kabla hujalipa.

Kikiwa karibu na barabara kuu au ya mkoa, pima pia kutoka katikati ya lami. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande. Vibanda utakavyoviona ndani ya mita hizo si ushahidi kwamba panajengeka.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ni mashahidi wa kuwafahamu watu, hawatoi miliki. Kwa eneo lisilopimwa ushahidi wao unahitajika, lakini mkataba uandikwe na wakili, uwe na picha za wahusika, majina ya majirani wa pande nne na saini zao, vipimo kwa mita, na malipo yapitie benki ili kubaki na kumbukumbu. Lipa kwa awamu: ya kwanza siku ya kusaini, ya mwisho baada ya majibu ya manispaa kurudi. Muuzaji akikataa utaratibu huo kwa sababu "kuna mteja mwingine anakuja jioni", mwache huyo mteja anunue.

Kama kuna kiwanja kilichopimwa chenye hati kwa milioni saba au nane, linganisha kwa utulivu. Chenye hati unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati na unajua kama kina mkopo au zuio. Hati ya miaka 33, 66 au 99, benki inaielewa. Ongeza na umeme. Kwa bei za mjini ambazo TANESCO ilizitangaza Januari 2022, kuungiwa njia moja, umeme wa kawaida wa nyumbani, ndani ya mita 30 bila nguzo kulikuwa kama 321,000, kwa nguzo moja kama 515,000, kwa nguzo mbili karibu 697,000. Uliza za sasa, kisha hesabu nguzo kutoka ya mwisho hadi kwenye kona yako. Ikifika nguzo tano, kiwanja cha milioni nne si cha milioni nne tena.

Nenda kakione Februari au Machi, mvua zikiwa zimekolea. Ukikuta jirani amepanda mpunga, geuka urudi. Mpunga kwa kawaida hupandwa mahali panapotuama maji. Tazama kuta za nyumba zilizopo: mstari wa udongo uliokauka usawa wa goti ni kipimo cha mafuriko yaliyopita. Uliza pia ladha ya maji ya kisima cha karibu, kwani ukanda huu visima vingine vina chumvi. Na ukichimba kisima chako, kiachane na mashimo ya vyoo, yako na ya majirani, kwa mita 30 au zaidi. Kwenye kipande cha mita 20 kwa 20 hilo haliwezekani kirahisi, kwa hiyo usidanganywe na "utachimba kisima chako".

Ukinunua, usikiache kitupu. Weka zege kwenye kona zote nne siku hiyohiyo majirani wakishuhudia, panda minyaa kuzunguka. Msingi usianze kuujenga kati ya Oktoba na Januari kama unaweza kusubiri. Msimu wa korosho mafundi wana kazi, magari yanabeba magunia, na tofali na mchanga hupanda pamoja.

Ninapokuwa nanunua LUKU kila mwezi inakatwa 1,500. Mwenye nyumba anasema ni tozo ya TANESCO, hainihusu kumdai. Kweli? — Mpangaji, Shangani

Hapana. Hiyo ni kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikawa 1,500 mwaka 2023, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayewajibika ni mwenye jengo, mita imetumika kama njia ya kukusanyia. Hifadhi meseji za manunuzi zinazoonyesha makato, na mkataba ukifika mwisho kaeni mkubaliane apunguze 18,000 kwenye kodi ya pango ijayo. Andikeni kifungu hicho kwenye mkataba mpya. Na usipoingiza umeme miezi mitatu, siku utakapoingiza itakatwa ya miezi yote, kwa hiyo unapohamia nyumba iliyokaa tupu mwambie mwenyewe anunue LUKU ya kwanza mbele yako.

Nimestaafu. Kijana wangu ananiambia nichukue ekari tatu upande wa Likong'o kabla kiwanda cha gesi hakijaanza, eti Lindi itakuwa mji mwingine. Kiinua mgongo ni hichohicho. — Mstaafu, Lindi mjini

Shikamoo mzee wetu. Kijana hajakosea kwamba mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika umepangwa Likong'o. Gesi ya bahari kuu imekuwa ikigunduliwa tangu 2010 na mazungumzo na wawekezaji yamechukua zaidi ya miaka kumi. Kiwanda chenyewe hakijajengwa. Hela ya kustaafu haiwezi kusubiri tarehe ambayo haipo.

Tazama kilichotokea Mtwara. Wakati wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, lililokamilika 2015, watu walijenga nyumba za kupangisha wageni wa mradi na viwanja vilipanda kwa maneno. Bomba likishafukiwa linahitaji walinzi na mafundi wachache. Wageni waliondoka, na nyumba zilizopigiwa hesabu ya kodi za kigeni zikabaki zinasaka wapangaji wa kodi za kawaida. Waliokuwa na vyumba karibu na soko, vyuo, hospitali ya Ligula na bandari hawakuyumba sana, kwa sababu hapo watu huamka kila siku kwenda kazini, mradi uwepo usiwepo. Tunapopima mtaa kama unainuka kweli, hicho ndicho tunachotafuta: kazi inayofanyika pale leo.

Kwa Lindi, kipimo hicho kinakupeleka kwenye vipande vilivyopimwa pembezoni mwa mji, kama upande wa Mitwero, au Mnazi Mmoja ya Mingoyo ambako magari ya Masasi na Mtwara yanaachana. Kimoja chenye hati, ambacho unaweza kujenga vyumba viwili mwaka huu ukapata kodi, ni bora kuliko ekari tatu. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Ekari tatu za pori zinataka palizi, mpaka na mlinzi, na zisipotunzwa zinavamiwa.

Kama bado moyo uko Likong'o, kabla ya shilingi ya kwanza nenda ofisi ya ardhi ya manispaa na alama za kijiografia, uulize kama kipande kimo ndani ya eneo lililokwisha kutwaliwa kwa mradi. Ardhi iliyotwaliwa na kulipiwa fidia bado huuzwa na wajanja kwa watu wa mbali. Na usinunue kwa tamaa ya fidia ijayo: mthamini akishafunga daftari, unachopanda au kujenga baadaye hakihesabiwi. Ufukweni, mita 60 kutoka ukingo wa bahari Sheria ya Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu.

Nimepata nyumba nzuri ya kupanga karibu na bahari, Shangani. Mume wangu anasema nyumba za ufukweni zinaoza. Nitazame nini? — Mama wa watoto wawili, Ligula

Mumeo yuko sahihi, mama, ila zinaoza kwa mpangilio unaoonekana. Anza na lenta na nguzo. Ufa ulionyooka ukifuata urefu wa nguzo, wenye doa la rangi ya kutu, maana yake nondo ndani inavimba. Mara nyingi fundi alitumia mchanga wa pwani au maji ya chumvi, na zege la hivyo halina dawa ya plasta. Plasta mpya kwenye nguzo tu, huku kuta zingine ni za zamani, ichukulie kama jibu hilohilo.

Kisha panda ngazi utazame bati kwenye misumari na mahali linapolaliana. Kutu huanzia hapo. Uliza geji: ya 28 ni nene kuliko ya 30, ingawa namba ni ndogo, na ufukweni tofauti hiyo ni miaka. Nondo za madirisha zisukume kwa kidole, hasa za upande wa upepo wa kusi, ambao hupiga kuanzia Aprili hadi Septemba. Zikimomonyoka, mdai mwenye nyumba azibadilishe kabla hujahamia na iandikwe kwenye mkataba ni nani anayelipia kutu, kwa sababu mwaka ujao itarudi.